Mtoto hatolewi kwenye ekipe juu mama yake ameuliza feza

Ndugu wakaaji wa Bunia, wazazi, vijana wenzetu, na nyinyi wakubwa wa komite za mupira wa watoto,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya umeme. Tunaandika juu ya ekipe za watoto. Tunajua kuna wenye watasema: watu wanauawa kule Djugu na Irumu, na nyinyi mnaleta maneno ya mupira? Ndiyo, tunaleta. Soma kwanza mpaka mwisho.

Mimi mwenye kuandika nimemaliza chuo kikuu, kazi sina. Diploma iko ndani ya sanduku ya mama pamoja na vitenge vya siku kubwa. Basi kila saa tisa ya mchana nilikuwa ninakwenda kwenye kiwanja kusaidia kocha wa ekipe moja ya watoto wa miaka 12 hadi 15. Hakuna aliyenilipa na sikuomba kulipwa. Kazi yangu ilikuwa kushika daftari: nani amefika, nani amekosa, nani ametoa mchango. Jina la ekipe silitaji, juu watoto wengine wangali wanacheza pale na sitaki walipe deni ya mdomo wangu.

Mwaka jana komite ilitangaza safari ya kwenda kucheza Mahagi. Kila mzazi alete franka 20 000. Wamama wanaouza mboga na ndagala walitoa. Mmoja alilipa mara ine, elfu tano-tano, mimi ndiye niliandika. Siku ilipofika barabara haikuwa nzuri, safari ikaanguka. Hapo hatulaumu mtu, kila mkaaji wa Bunia anajua barabara ya Mahagi. Lakini feza haikurudi.

Mama mmoja akauliza kwenye grupe ya WhatsApp ya wazazi: «Bwana presida, ile feza ya safari iko wapi?» Hakutukana, hakuita mtu mwizi. Dakika chache tu, tukaona ametolewa kwenye grupe. Siku ya posho mtoto wake alifika kwenye mazoezi amevaa viatu vyake, akaambiwa mbele ya wenzake: «Weye hauko tena wa hapa. Uliza mama yako.» Ako na miaka 13. Alikaa pembeni ya kiwanja mpaka mazoezi yakaisha, juu aliona haya kurudi nyumbani mapema. Mimi nikauliza kocha, kocha akasema ni komite. Nikauliza komite, na wiki iliyofuata nikakuta kijana mwingine ndiye anashika daftari yangu.

Kwa hiyo swali moja la mama limetoa watu watatu: mzazi, mchezaji na msaidizi wa kocha. Hakuna mkutano, hakuna barua, hakuna aliyeitwa kujieleza. Na tukianza kuuliza vijana wa kartie zingine, kila mmoja ako na hadithi yake. Huku ni kocha aliyekataa kuchezesha mtoto wa mukubwa fulani. Kule ni mtoto ambaye baba yake alikosana na presida juu ya mpaka wa kiwanja cha nyumba. Mambo ya wakubwa, lakini anayevuliwa nguo ya ekipe ni mdogo.

Watatujibu: ekipe ni yangu, mipira nilinunua mimi. Sawa, mipira ni yako, asante sana. Mtoto si wako. Mzazi alikukopesha masaa mawili kwa siku.

Na kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawajui. Mtoto anafukuzwa, lakini akitaka kuandikwa kwenye ekipe ingine anaombwa barua ya kutoka, na komite ile ile iliyomfukuza inakataa kuitoa, ao inaitia bei. Hatakiwi hapa na haruhusiwi kwenda kule. Juu ya nini kumshika mtoto ambaye humtaki? Juu ya ndoto ya feza. Kanuni za FIFA juu ya kuhama kwa wachezaji zinasema mchezaji akiuzwa kutoka inchi moja kwenda ingine, 5% ya bei inagawanywa kwa ekipe zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi mwaka wa 23. Kwa miaka ya 12 hadi 15, kila mwaka ni 0,25%. Kwa miaka ya 16 hadi 23, kila mwaka ni 0,5%. Akiuzwa dolari 1 000 000, mwaka mmoja tu wa utoto wake unaletea ekipe dolari 2 500. Kanuni hiyo ni nzuri, iliwekwa ili ekipe ndogo kama za kwetu zisisahauliwe. Lakini kwa mikono ya watu fulani karatasi ya mtoto imekuwa kama tiketi ya tombola: unaifunga kwenye kabati hata kama mwenyewe umemfukuza, nani anajua, labda siku moja.

Tuseme ukweli pia juu ya upande wetu. Kuna wazazi wanaoharibu mchezo. Tumewaona: baba anaingia ndani ya kiwanja na fimbo juu mwamuzi amepiga filimbi, mama anatukana mtoto wa mwenzake aliyekosa penalti. Mzazi wa namna hiyo akae mbali na kiwanja, tunakubali. Lakini aambiwe amefanya nini na atarudi lini, na mtoto wake aendelee kucheza. Mtoto hakushika fimbo.

Na kuna makocha ambao wanapaswa kutoka siku ile ile. Kocha anayepiga watoto. Kocha anayeita mtoto nyumbani kwake usiku «kuzungumza juu ya mechi». Hapa ndipo hasira yetu inazidi, juu kocha wa namna hiyo tunaona hatolewi ao anatolewa kimya-kimya. Wazazi wanaambiwa amesafiri. Kisha miezi miwili unamkuta na filimbi shingoni, upande mwingine wa mji, na watoto wengine wasiojua kitu. Ile tabia ya kutoa watu bila barua na bila sababu ndiyo inamfunika huyo. Kama kila kutolewa kungekuwa na karatasi yenye sababu, ekipe ya pili ingeomba karatasi ile mbele ya kumpokea. Leo mama aliyeuliza feza na kocha aliyeumiza mtoto wanaondoka kwa mlango mmoja, bila neno, na mji hauwezi kuwatofautisha.

Kwa mambo ya miaka ni vile vile. Wote tunajua kuna kukata miaka. Mwezi wa kwanza 2023, shirikisho la Kameruni, chini ya Samuel Eto'o, lilitoa wachezaji 21 kati ya 30 wa ekipe yake ya wasiozidi miaka 17, baada ya kupima mifupa ya mkono kwa mashine. Walitangaza mbele ya dunia yote, na sababu ikajulikana. Kwetu mtoto anaambiwa tu «weye ni muzee». Anayesema hivyo ni mtu yule yule aliyemwandikia mwaka wa uongo msimu uliopita! Kwa sheria yetu ya jamaa, mtoto anapaswa kuandikishwa kwa serkali ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Lakini mtoto aliyezaliwa njiani wakati wazazi wake wanakimbia, na leo analala kwenye hema ya Kigonze, atatoa wapi cheti? Msaidieni kukipata. Msimtengenezee cha uongo kisha mumfukuze nacho.

Sasa turudi kwa yule aliyecheka mwanzoni. Hapa ni Bunia. Kwa mji huu watoto walishikishwa silaha mbele ya macho ya wazazi wetu. Kesi ya kwanza kabisa ambayo korti ya La Haye ilikata, tarehe 14 mwezi wa tatu 2012, ilikuwa ya Thomas Lubanga, juu ya watoto wa chini ya miaka 15 walioingizwa katika jeshi la UPC hapa Ituri. Na vikundi vya silaha havijaisha, hata tangu siku ya 6 mwezi wa tano 2021 ambapo tumewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Sisemi kila mtoto aliyetolewa kwenye ekipe atakwenda porini. Huyu wetu yuko nyumbani, anapiga mupira wa makaratasi kwenye avenyu na kukimbia motari. Ninachosema ni hiki: saa tisa ya mchana, kwa kijana wa miaka 13 hapa kwetu, hakuna maktaba, hakuna sinema, na kwa wengine hata minerval ya shule imekosekana. Kuna kiwanja. Pale mtoto wa Mudzipela, mtoto wa Lumumba, mtoto wa Saio na mtoto aliyekimbia kutoka Djugu wanapeana pasi bila kuulizana kabila. Ni mahali gani pengine kwa mji huu tunaliona jambo hilo kila siku? Na mtoto akitolewa bila sababu kutajwa, watu wanajitafutia sababu wenyewe, na sababu ya kwanza inayokuja kichwani mwa watu wa Ituri mnaijua. Presida alitaka kunyamazisha mama mmoja, na kartie nzima inaanza kuhesabu majina ya ukoo ya watoto waliobaki.

Inchi yetu iko na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 januari 2009 ya kulinda mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, ambao Kongo iliukubali tangu 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ako na haki ya kucheza, na katika kifungu cha 12 kwamba asikilizwe kwa jambo linalomhusu. Hatuombi zawadi.

Kwa hiyo tunataka kila komite ya ekipe ya watoto ya mji wa Bunia iandike sababu kila inapotoa mchezaji, mzazi ao kocha, na imsikilize mtu huyo kwanza, akiwa na mtu wa kumsindikiza. Mtoto asitolewe kamwe kwa kosa la mzazi wake. Akitolewa, barua yake ya kutoka itolewe siku ile ile, bila franka hata moja. Penye shaka kwamba kocha ameumiza mtoto, jambo lipelekwe kwa polisi na kwa korti, lisimalizwe ndani ya komite na soda. Na hesabu ya michango isomwe mbele ya wazazi kila mwisho wa mwezi, kiwanjani, kwa sauti.

Siku ya posho ijayo, saa tisa, tutakuwa pale kwenye kiwanja chetu pamoja na yule mama na mtoto wake. Bila fujo, bila mawe. Nitakuja na nakala ya daftari niliyoandika mwenyewe: wazazi 26 walilipa safari ya Mahagi, franka 20 000 kila mmoja. Bwana presida, ile feza iko wapi?