BAWA LA MATATU NI PAMBO TU

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, pamoja na walimu wetu wapendwa, nawaombeni radhi kwanza, maana leo sitazungumzia ngeli wala isimu. Nataka kuzungumzia yale mabawa yanayofungwa nyuma ya matatu na magari madogo tunayoyaona kila siku Waiyaki Way, pale steji ya Mountain View. Wengine huyaita spoila. Mabishano juu yake hayaishi bwenini: eti gari lenye bawa haliwezi kuteleza, eti linang'ang'ania lami kama kupe. Aah, wapi!

Bawa lenyewe si upuuzi, tukubaliane. Bawa la ndege huinua. Ligeuze juu chini, nalo litakandamiza. Mwaka wa 1966 Mmarekani Jim Hall alilitia katika gari lake la mashindano, Chaparral 2E, akaliwekea na pedali: dereva akifika penye mnyoofu hulilaza, akifika konani huliacha liinuke. Kwa nini ahangaike hivyo? Kwa sababu hakuna cha bure. Bawa linalokandamiza magurudumu ndilo hilohilo linalopigana na hewa na kulivuta gari nyuma. Hadi leo mafundi wa Formula 1 wanapima hayo mawili. Kule Monza, Italia, penye minyoofu mirefu, hufunga bawa jembamba. Kule Monaco, penye kona za kubana, hufunga pana na kulisimamisha.

Sasa kuna atakayeniuliza, na Safari Rally je? Swali zuri. Subaru Impreza ya Colin McRae iliyoshinda mwaka wa 1997 ilikuwa na bawa, na magari yaliyokuja Naivasha mwaka wa 2021, mashindano yaliporejea katika ubingwa wa dunia, yalikuwa na makubwa zaidi. Lakini wale hukimbia juu ya vumbi na changarawe, ambako tairi hazina cha kushika, tena gari huruka matuta na lazima litue sawasawa. Kuvutwa nyuma kidogo na hewa hakuwaumizi sana, kwani kasi ya Monza hawaifikii.

Matatu nayo? Mwalimu wa Fizikia atawaambia kwamba nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Hebu tupige hesabu. Chukua bawa la urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimita 15, tena tulihurumie, tuseme limetengenezwa vizuri. Kwa kilomita 50 kwa saa litakandamiza kwa uzito wa kilo mbili hivi. Pakiti moja ya unga wa ugali! Kwa kilomita 80, ambao ndio mwisho wa matatu tangu sheria za Waziri Michuki za mwaka wa 2004, hazifiki kilo sita. Gari lenyewe na abiria wake 14 lina zaidi ya tani mbili. Na hewa yetu ya Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, kwa hivyo hata hicho kidogo kinapungua.

Tena mengi ya mabawa hayo ni ubao uliosimamishwa tu. Huo haukandamizi chochote, unakula mafuta.

Kinachoniudhi si urembo. Matatu ina rangi, ina muziki, acha iwe na bawa pia. Kinachoniudhi ni vijana wa rika letu kuamini kwamba bawa litawashika konani usiku, na mwenye gari kununua bawa ilhali tairi zake ni kipara. Kwa mwendo wa Waiyaki Way, hasa mvua ya Aprili ikinyesha, kinachoshika barabara ni mpira ule wa chini. Makanga akiniita nipande gari lake kwa sababu lina bawa, mimi nitainama kwanza nitazame tairi.