Mvua Haimwoshi Mkosaji

Imekuwa desturi katika vyumba vya masomo kuiweka hotuba ya mtu ajiuzuluye kando ya shairi la maumbile, kisha wanafunzi wakaulizwa vyote viwili vyafundisha nini juu ya ustahimilivu. Swali hilo lina sumu, kwa kuwa limekwisha kujibiwa kabla ya kuulizwa. Na itazamwe sumu yenyewe katika hotuba ya Richard Nixon ya tarehe 8 Agosti 1974, na katika shairi la Sara Teasdale la mwaka 1918, liitwalo "There Will Come Soft Rains".

Kuuzulu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kumwondoa mtu katika cheo. Ajiuzuluye, basi, ndiye mwondoaji na ndiye mwondolewa. Katika hotuba ya Nixon watu hao wawili hawakutani. Alieleza kwamba anaondoka kwa kuwa hakuwa tena na wa kumwunga mkono wa kutosha katika Kongresi. Alikiri kuwa baadhi ya maamuzi yake yalikosea, akaongeza papo hapo kwamba aliyaamua kwa faida ya taifa. Watergate aliitaja, lakini kama jina la kipindi kirefu na kigumu, mithili ya masika yaliyozidi, si tendo lenye mtendaji. Na siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu kutolewa kwa kanda ya sauti ya 23 Juni 1972, ambamo alisikika akikubali mpango wa kuzuia upelelezi wa FBI. Asiyeijua kanda ile hawezi kuisoma hotuba hii, ataisikia tu.

Asubuhi yake, alipowaaga watumishi wa Ikulu, Nixon akawasogelea washairi. Akataja bonde na kilele cha mlima, kwamba aliyefika chini kabisa ndiye ajuaye fahari ya kuwa juu. Akamtaja Theodore Roosevelt, aliyefiwa na mkewe angali kijana, akadhani nuru ya maisha yake imezimika daima, naye akaendelea. Hapo ndipo impasapo msomaji wa fasihi asimame. Roosevelt alifikwa na msiba, hakuutenda. Msiba na kosa havina dawa moja, na kazi ya mifano ile ilikuwa kuligeuza jambo lililotendwa na mtu liwe jambo lililompata mtu.

Shairi nalo lina mistari kumi na miwili tu, yenye vina viwili viwili: mvua, mbayuwayu, vyura, miti inayochanua. Lilitoka Vita Kuu ya Kwanza ingali ikipiganwa. Wanaodai kwamba latia moyo wamelisoma nusu. Maumbile yake hustahimili kwa sababu hayahusiki: wanadamu wakitoweka wote, majira ya kuchipua hayatawakosa. Mvua ile haimwoshi mtu, maana hakuna mtu wa kuoshwa. Ray Bradbury alilielewa vema mwaka 1950, alipoandika hadithi yenye jina lilo hilo, ambamo nyumba ya mitambo yaendelea kupika chakula cha asubuhi, na hata kulisoma shairi lenyewe, wenyeji wakiwa wamekwisha kuangamizwa na bomu la atomiki. Ni nani atakayeiita hiyo faraja?

Watasema watetezi kwamba mwanasiasa naye ni mtu, ana haki ya kujiliwaza. Haki hiyo anayo, na maneno ya Nixon juu ya mama yake asubuhi ile yawagusa hata wasiompenda. Lakini la kumliwaza mtu si hoja ya kulijibu taifa, na mwalimu achanganyaye mawili hayo awafundisha vijana kusamehe wasichokijua.

Tarehe 8 Septemba 1974 Gerald Ford alimsamehe Nixon makosa yote aliyoyatenda, au aliyoweza kuwa ameyatenda, dhidi ya Marekani akiwa Rais. Hati ile ni kavu, haina bonde wala kilele. Lakini yataja makosa, neno ambalo hotuba ya mwezi mmoja kabla ililizunguka. Wanafunzi wapewe hati hiyo pia, waisome kwanza.