RAV4 na goti la mama mkwe

Leo naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na za kumbi za starehe, tuongelee chuma. Usikunje uso dada yangu unayesoma, maana chuma chenyewe kina mapenzi ndani yake, kina mkwe, na nusura kimwage heshima ya nyumba nzima pale Goba.

Iko hivi. Shemeji yangu, mume wa dada mkubwa, amejichanga miaka 6. Kikoba kaingia, bia kaacha, nyama choma kaisahau. Mwezi uliopita akatuita wote sebuleni, akajikohoza kama mwenyekiti wa mtaa, akasema: "Sasa basi kugombea daladala. Tunanunua RAV4." Watoto wakapiga kelele, dada akapiga kigelegele, bi mkubwa wetu anayeishi nao akainua mikono kushukuru.

Mimi mwenye kimbelembele changu nikauliza, "RAV4 gani, Shem?"

"Kwani ziko ngapi?"

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Maana RAV4 si gari moja, msomaji. Ni ukoo. Toyota waliionyesha kwanza kama gari ya majaribio kwenye maonyesho ya Tokyo mwaka 1989, wakaanza kuiuza Japan mwaka 1994, na mpaka leo imeshatoka vizazi 6. Mtu akikwambia "nina RAV4" bila kukueleza ya mwaka gani, ni kama amekwambia "nina ndugu Tanga". Yupi sasa?

Shem yeye alikuwa na yake kichwani siku nyingi. Alikulia Magomeni, na mtaani kwao miaka ile kulikuwa na kijana mmoja wa mjini mwenye RAV4 ya milango mitatu, rangi nyekundu, tairi la akiba limening'inia nyuma, muziki unadunda. Shem alikuwa mtoto wa kuosha hiyo gari kwa sarafu. Akaapa kwamba akikua atakuwa nayo. Basi bwana, Jumapili moja akaja nayo nyumbani, ya mwaka 1997, ameazima kwa mwenyewe aijaribu kabla ya kulipa. Imepigwa rangi mpya, inang'aa utadhani imetoka dukani. Mtaa mzima ukatoka nje.

Watoto wakarukia nyuma. Shem akakunja kiti cha mbele cha abiria, akasimama wima kwa adabu zote, akasema, "Karibu mama, tukuzungushe kidogo."

Mama akasogea. Akaangalia ule upenyo. Kuingia kiti cha nyuma ilibidi ainame, apinde goti lile linalomsumbua tangu mwaka juzi, ajipenyeze kiubavu na kanga zake, mkwe wake akiwa amesimama nyuma yake anaangalia. Akashika mlango. Akajaribu kuinua mguu. Akaushusha. Kisha akatabasamu, akasema taratibu: "Nendeni tu wanangu. Mimi nitawangojea hapa barazani."

Hakuna aliyecheka. Dada akaangalia chini. Shem akarudisha kiti, na ile furaha yake nikaiona inashuka kama tairi lililochomwa msumari. Mama yetu huyo kila mwezi anakwenda kliniki. Moja ya sababu za kuchanga ile miaka 6 ilikuwa ni yeye asipande tena daladala.

Kesho yake tukaenda kumwona fundi mmoja mtu mzima, yuko Ilala, mikono yake imekuwa myeusi kwa oili kuliko ubao wa darasani. "Shikamoo fundi." "Marahaba, mnasemaje?" Shem akaeleza. Fundi hakuuliza bajeti, hakuuliza rangi. Aliuliza swali moja tu: "Nyuma anakaa nani?"

Naomba ulishike swali hilo, msomaji. Sisi vijana tunanunua gari kwa kukaa kiti cha dereva. Tunashika usukani, tunajitazama kwenye kioo, tumemaliza. Gari ya familia inanunuliwa kwa kukaa nyuma. Sasa twende kizazi kwa kizazi, nawe uwe unajiuliza hilo hilo.

Kizazi cha kwanza, 1994 hadi 2000. Ilianza na milango mitatu, fupi kabisa, urefu wake kama mita 3.7. Mwaka 1995 ikaja ya milango mitano, ndefu zaidi. Injini ni ya lita 2, ile 3S ambayo mafundi wetu wanaijua hata gizani. Ni chuma cha watu, lakini injini hiyo inatumia mkanda wa taimingi ambao unabadilishwa kwa kilomita, si kwa huruma. Na kumbuka hata ya mwisho mwisho ina miaka zaidi ya 20. Ya milango mitatu ni ya kijana asiye na mke, au mwenye mke asiye na mizigo. Raha tupu, ila mkwe usimkaribishe.

Kizazi cha pili, 2000 hadi 2005. Hii ndiyo imejaa mitaani kwetu. Umbo la mviringo, nafasi imeongezeka, na milango mitatu bado ilikuwepo kwa wanaoipenda. Hapa kuna kitu wengi hawakijui: za Japan zilikuja na injini mbili. Kuna ya lita 1.8, inayovutwa na magurudumu ya mbele tu, na kuna ya lita 2 yenye maandishi ya D-4. Hiyo D-4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Ikipata mafuta safi na fundi anayeielewa, inakwenda vizuri. Ikipata mafuta machafu, injekta na pampu zinalalamika, na masizi yanajaa kwenye njia ya hewa. Ndiyo maana mafundi wengi wakiliona neno D-4 wanavuta pumzi kwanza. Hiyo 1.8 nayo si malaika, za miaka ya mwanzo zina sifa ya kunywa oili. Vuta stiki ya oili, angalia moshi wa bluu asubuhi gari ikiwa ya baridi, usikubali kukuta mwenye nayo ameshaiwasha kabla hujafika.

Kizazi cha tatu, kilianza Novemba 2005. Hapa RAV4 iliacha ujana. Milango mitatu ikafutwa kabisa, gari ikapanuka, na injini ya lita 2.4 ikaingia. Mwaka 2007 Japan wakatoa ndugu yake mrefu, Vanguard, ambayo zipo za viti 7. Ukiona Vanguard barabarani, jua hiyo ni RAV4 iliyovaa kanzu. Kwa familia kubwa ni mkombozi. Tatizo lake? Injini hiyo ya 2.4 ya miaka ile inasifika kwa kula oili, mpaka kule Marekani Toyota wenyewe wakaongeza waranti kwa baadhi ya magari yenye nayo. Halafu nyingi za Japan zina gia boksi ya CVT, inayotaka oili yake maalumu. Fundi wa kukumiminia oili yoyote iliyopo kwenye galoni atakumalizia kikoba.

Kizazi cha nne, kuanzia mwisho wa 2012. Umewahi kujiuliza kwa nini hii ni adimu kwetu? Jibu ni kwamba Japan hawakuiuza. Wao waliendelea na kizazi cha tatu mpaka 2016, kisha wakaiacha RAV4 kabisa kwa muda. Na sisi mitumba yetu mingi inatoka Japan. Ukiiona mjini, yaelekea imetoka nchi nyingine inayoendesha upande wa kushoto, kama Uingereza. Ndiyo iliyokuja na mlango wa nyuma wa kufunguka kwenda juu. Tatu za kwanza mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu kama wa kabati, tairi la akiba likiwa limebebwa mgongoni.

Kizazi cha tano kilionyeshwa New York mwaka 2018, na Japan ikaipokea Aprili 2019. Kali, ina kona kona kama sanduku la mjeshi, urefu umefika mita 4.6. Kuna ya petroli na kuna ya haibridi. Ilichukua tuzo ya gari bora la mwaka huko Japan kwa msimu wa 2019 na 2020. Cha sita kimeonyeshwa Mei 2025, na hicho ni haibridi tu, nyingine za kuchaji kwenye umeme. Hizi mbili, mimi na wewe tuendelee kuziangalia kwenye simu kwanza.

Sasa kuna utapeli mdogo wa jina. Hiyo 4 iliwekwa kwa maana ya magurudumu manne kuvuta. Lakini tangu zamani zipo RAV4 zinazovuta mawili tu, na hakuna aliyefuta 4 pale nyuma. Dalali atakuapia. Wewe usibishane naye, inama chini. Kama ni nne utaiona propela imepita katikati mpaka kwenye difu la nyuma. Kama hakuna propela, hiyo 4 ni pambo. Au soma namba ya chesesi: ZCA26 ni 1.8 ya milango mitano, ACA21 ni ya lita 2 ya milango mitano, ACA20 ni milango mitatu. Kizazi cha tatu, ACA31 inavuta nne, ACA36 inavuta mbili. Vanguard ya 2.4, ACA33 ni nne na ACA38 ni mbili. Andika kwenye karatasi, weka mfukoni, utanishukuru.

Na wale mnaotaka kuagiza wenyewe, kumbukeni gari yenye umri mkubwa inavuta kodi ya ziada, na ya injini kubwa inalipa zaidi ya ndogo. Jirani zetu Kenya wao wamemaliza ubishi, gari lililozidi miaka 8 haliingii. Kwetu linaingia, ila bandarini ndipo unapojua kwamba bei uliyoiona kwenye picha ilikuwa ya salamu tu.

Turudi kwa Shem. Fundi alimwambia maneno ambayo yalimkaa: "Kijana, pesa ya gari igawe mafungu manne. Matatu nunua, moja liache. Miezi 6 ya kwanza gari ya mtumba inakudai bushi, shokapu, tairi, betri. Ukimaliza pesa yote kwa kununua sura, utaipaki nyumbani uwe unaifuta vumbi."

Shem alitaka angalau apande kizazi cha tatu ili mtaa umheshimu. Tukapiga hesabu na dada usiku ule. Ya tatu ingekomba yote, hata ya bima isibaki. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ile nyekundu nilikuwa naiosha tu. Sikuwahi kupanda. Kumbe hata sijui nyuma pakoje."

Wiki iliyopita amenunua ZCA26 kwa mtu wa Kinyerezi, milango mitano, namba D, rangi ya fedha iliyochoka kidogo. Haivuti magurudumu manne, na mlima wa kwao Goba mvua ikinyesha atakwenda kwa adabu. Fundi aliikagua tangu ikiwa ya baridi, akainama, akasikiliza, akasema inafaa. Fungu la nne liko benki, na tayari shokapu mbili za nyuma zimelidokoa.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Shem akafungua mlango wa nyuma, mama akageuka, akakaa kwanza, halafu akaingiza miguu mmoja mmoja, bila kushikwa na mtu. Akavuta kanga yake ndani, akasema, "Funga mlango baba, tutachelewa."

Shem hakujibu kitu. Alifunga taratibu, akazunguka upande wa dereva, na mimi nikamwona anajifuta uso kwa kiganja. Alidai ni vumbi.

Wewe unayetaka kununua, kabla hujakaa mbele, kaa nyuma. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.