Lakiri Nyekundu na Kisu cha Mkate

Niseme msimamo wangu mapema ili tusizungushane: chupa ya wiski iliyochovywa nta shingoni inapendeza kuliko chupa yoyote pale rafuni, na nyingi kati yake hazifunguki kistaarabu. Yote mawili ni kweli. Ninachokataa ni kuambiwa eti ule usumbufu ndio utamu wenyewe.

Kwanza neno, maana hapa ndipo tunapojifunzia. Wengi wetu tuliokulia huku tunaita kila kitu nta. Nta ni ya nyuki, ni ya mshumaa. Ile inayoyeyushwa kufungia barua au kifurushi, ili ijulikane kama kuna mtu amekichokonoa njiani, Kiswahili kina jina lake: lakiri. Fuatilia habari za uchaguzi Tanzania, utasikia masanduku ya kura yanafungwa kwa lakiri, hata kama siku hizi ni kipande cha plastiki tu. Lakiri inasema hivi: hajagusa mtu kabla yako. Hiyo ndiyo raha ya chupa hizi, na hata asiyekunywa (najua mko wengi, na hamjakosa kitu) anaielewa.

Chupa maarufu kuliko zote za namna hii inatoka Loretto, Kentucky. Kentucky si mbali na sisi: nenda Lexington au Louisville leo, ukipanga foleni dukani utasikia Kiswahili cha Kongo nyuma yako, mama anamkaripia mtoto aache pipi. Huko Loretto ndiko Bill Samuels alikonunua kiwanda cha zamani mwaka 1953 atengeneze wiski laini zaidi. Wiski ilikuwa yake. Lakini jina la Maker's Mark, umbo la chupa na ile lakiri nyekundu inayochuruzika shingoni vilitoka kwa mkewe, Margie. Alipenda chupa za zamani za konyaki zilizofungwa kwa nta, akajaribu na yeye, na inasimuliwa kwamba majaribio aliyafanya nyumbani kwa chombo cha kukaangia cha jikoni. Chupa za kwanza zilitoka 1958. Mpaka leo watu wanazichovya kwa mkono, moja moja, ndiyo maana huwezi kupata mbili zenye michirizi sawa. Mgeni akitembelea kiwanda anaruhusiwa kuvaa aproni achovye ya kwake.

Sasa sikia hii. Mwaka 1985 kampuni ikasajili michirizi hiyo kama alama yake ya biashara. Tekila ya Jose Cuervo, ile ya Reserva de la Familia, ikaja sokoni Marekani na lakiri nyekundu inayochuruzika vilevile. Kesi ikafunguliwa 2003. Mahakama ikaamua 2010, na rufaa ya 2012 ikabakiza uamuzi: hiyo michirizi myekundu ni ya Maker's Mark. Yaani wazo la mama mmoja jikoni likawa mali ya kulindwa na majaji. Wengine mnaona ni ulafi, kummilikisha mtu tone. Mimi siko huko. Hawakumiliki nta, wala rangi nyekundu kwa kila kitu. Walilinda kile ambacho mnunuzi anakitambua kutoka upande wa pili wa duka.

Kinachoniudhi ni waigaji wa aina nyingine, wanaochovya bila kufikiri. Chupa ya Maker's Mark ina utepe chini ya lakiri, na kiulimi chake kinajitokeza pembeni. Unakivuta, kinazunguka, kofia ya lakiri inakatika, kwisha. Viwanda vingi vidogo vimeiga urembo vikaacha utepe. Matokeo yake niliyaona kwenye send-off ya binamu yangu. Chupa nzuri, nyeusi, lakiri ngumu kama kigae. Mjomba akaanza na kucha. Akahamia kwenye ufunguo wa gari. Shangazi akamletea kisu cha mkate, akiomba Mungu asikate kidole mbele ya wakwe. Kizibo kilipotoka, vipande vyeusi vilikuwa mezani, kwenye pilau, na viwili vinaelea ndani ya wiski yenyewe. Wakwe wakanyamaza kwa adabu.

Na usidanganywe kwamba ni lazima iwe hivyo ili kinywaji kisiharibike. Wiski haiendelei kukomaa ndani ya chupa. Kazi hiyo iliisha kwenye pipa. Wanaoweka chupa miaka na miaka kabatini wana hoja zao, lakini kwa mtu anayetaka kuifungua Jumamosi hii, kizibo kizuri kinatosha. Lakiri ni vazi. Sina shida na vazi, kanga nayo ni vazi. Ila fundi anayeshona gauni bila zipu hatuwezi kumsifu eti ana sanaa.

Kama umeshaletewa isiyo na utepe, usikate kutoka juu. Funga shingo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, dakika moja hivi, lakiri ilegee. Pitisha kisu kidogo kuzunguka pale kichwa cha kizibo kinapokutana na kioo, ncha ikielekea mbali na kidole gumba. Futa makombo yote kabla hujavuta, si baada. Nyingine laini hazihitaji hata kisu: shika kizibo, kizungushe kwa nguvu, inapasuka yenyewe.

Na ukinunua zawadi ya kupeleka kwa wakubwa, igeuzegeuze chupa palepale dukani utafute kiulimi. Kama hakipo, mwambie muuzaji akuonyeshe nyingine. Akikuuliza kwa nini, mweleze habari za pilau.