Jina Lisiloonekana Kakuma

Imekuwa desturi kupima ubora wa programu kwa kasi yake. Mwanafunzi wa kompyuta hufunzwa kuandika skripti ya seva inayochota rekodi kutoka hifadhidata na kuzipanga kwenye ukurasa wa wavuti. Akijenga faharasa, akaomba safu anazozihitaji tu, tena akaonyesha rekodi 20 kwa 20 badala ya kuzoa jedwali zima, hupewa alama nzuri. Anastahili. Lakini kasi ya kumpata nani?

Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ina watu wa mataifa mengi. Msomali aliyesoma kwao huandika Cabdi na Xasan, kwa mujibu wa othografia ya mwaka 1972. Karani Mkenya huandika Abdi na Hassan. Skripti inayolinganisha herufi kwa herufi hujibu upesi ajabu: hayupo. Na jibu hilo laweza kumnyima mtu mgao au cheti cha mtoto wake.

Msomaji atasema kuna alama za vidole. Naam, pale mwenyewe alipo na kifaa kipo. Mwalimu wa Lodwar anayetafuta rekodi ya mwanafunzi aliyehamia hana ila jina.

Wapo wanaokimbilia Soundex, mbinu aliyoisajili Robert Russell huko Marekani mwaka 1918. Mbinu hiyo hupuuza irabu lakini huishikilia herufi ya kwanza. Hivyo Cabdi hubaki kwenye C, naye Abdi kwenye A. Wengine wangeifuta herufi hiyo kabisa. Kwa Waturkana hiyo ni balaa: Ekiru ni mwanamume, Akiru ni mwanamke.

Dawa ni safu ya pili, yenye jina lililosanifishwa kwa kanuni za lugha ya mwenyewe. Katika majina ya Kisomali, c iondolewe, x iwe h, herufi pacha ziwe moja. Kanuni hizo zisimguse Claude wa Kongo. Faharasa ijengwe juu ya safu hiyo. Ukurasani lionyeshwe jina kama mwenyewe alivyoliandika, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na jina la mama, ili karani awatofautishe akina Abdi.

Mhandisi peke yake hawezi kuziandika kanuni hizo. Idara za isimu na za kompyuta vyuoni ziwape wanafunzi wao mradi mmoja, waanze na Kisomali na Kiturkana.