Mshahara Hufuata Namba, Haufuati Jina



Wengi wetu twadhani kwamba fedha zikipelekwa benki zamfuata mtu kwa jina lake. Sivyo. Zafuata namba. Sisi wa reli yafaa tulielewe jambo hili upesi, maana behewa la mizigo halipelekwi kwa jina la mwenye mahindi. Lapelekwa kwa namba yake na kwa kituo kilichoandikwa katika lebo. Lebo ikikosewa, mahindi hufika salama kabisa, lakini kwa mtu mwingine.

Katika Kenya namba za kupelekea fedha ni tatu. Kwanza namba ya benki, yenye tarakimu 2. Pili namba ya tawi, yenye tarakimu 3. Tatu namba ya akaunti yenyewe, ambayo benki moja huifanya fupi na nyingine ndefu. Sifuri ya mwanzo ni tarakimu kamili. Karani akiiacha, namba imeharibika.

Fedha zikitoka ng'ambo, kama mtoto aliye Uingereza akimpelekea mzee wake, yatakiwa alama nyingine iitwayo BIC. Wengi huiita SWIFT, kwa jina la ushirika wa mabenki ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973. Alama hii ina herufi 8 au 11. Tazameni mfano huu: KCBLKENX. Nne za kwanza ni benki, KE ni Kenya, na mbili za mwisho ni mahali. Zikiongezwa tatu, hizo ni za tawi. Lakini alama hii yataja benki tu, haimtaji mtu. Bila namba ya akaunti fedha hazitamfikia mwenyewe. Na mtu wa Ulaya akitaka IBAN yako, mjibu kwamba Kenya haiitumii, umpe BIC na namba ya akaunti.

Sasa twasema neno letu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 17, yasema kwamba mshahara ukilipwa kwa benki, uingizwe katika akaunti ambayo mfanyakazi mwenyewe ameitaja. Basi karani akiandika 6 mahali pa 9, na fedha zikaingia kwa mtu mwingine, sisi twaona kwamba mshahara huo haujalipwa bado. Si haki mfanyakazi kuambiwa, "Nenda ukaulize benki." Aliyeandika lebo ndiye alitafute behewa. Mwenye nyumba hangojei kodi, na watoto hawali karatasi ya malipo.

Wako watakaosema kwamba hata wafanyakazi huandika namba zao vibaya. Ni kweli. Ndiyo sababu twataka mambo yatakayozifunga pande zote mbili:

1. Kabla ya malipo ya kwanza, na kila namba inapobadilishwa, mfanyakazi aonyeshwe namba yake ilivyoandikwa ofisini, aisome tarakimu moja moja, atie sahihi, apewe nakala.

2. Jina lilinganishwe na namba kabla fedha hazijaondoka. Jambo hili lawezekana. Katika Uingereza benki zilikuwa zikiangalia namba tu. Mwaka 2020 benki kubwa zikaanza kulinganisha na jina.

3. Kosa likiwa la ofisi, mfanyakazi alipwe mara moja, na ofisi ifuate fedha zake yenyewe.

Nasi tuna wajibu wetu. Namba inakiliwe kutoka karatasi ya benki, si kwa kukumbuka, wala kwa kutajiwa katika simu. Tena tusichanganye: namba ya akaunti ni ya kuingizia fedha, na mwajiri yampasa kuijua, namba ya siri ni ya kutolea, na hapewi mtu yeyote, hata akisema ametoka benki.

Wajumbe wa matawi, lileteni neno hili katika mkutano, lijadiliwe, lipelekwe kwa mwajiri kwa maandishi. Mtu mmoja akilalamika huitwa msumbufu. Sote tukisema pamoja hatuna budi kusikilizwa.

Umoja ni nguvu.