Boti ya mashindano na ada ya kidato cha kwanza

Tumezoea kuzungumza hapa kuhusu mikopo ya bodaboda, viwanja vya Chanika na michango ya harusi. Wiki hii mama mmoja mwenye duka la vyombo Kariakoo ametuletea jambo la baharini. Anaandika hivi:

"Anti, habari za kazi. Mume wangu ameonyeshwa boti ndogo ya tanga, ya mashindano, aina ya Laser. Imetumika. Mwenyewe ni mgeni anayerudi kwao, anataka Sh4 milioni na anasema hiyo ni bei ya kutupa. Sisi tuna akiba ya Sh4.5 milioni, ambayo ni ada na mahitaji ya kijana wetu wa miaka 13 anayeingia kidato cha kwanza Januari. Baba yake anasema boti itajilipa kwa kupeleka watalii Bongoyo wikiendi, na kijana atajifunza mashindano. Nikikataa nitaonekana mke wa kukatisha tamaa. Nikikubali naiogopa Januari. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole kwa mawazo. Kabla hatujafika kwenye pesa, tukijue kwanza chombo chenyewe, maana ugomvi mwingi wa nyumbani huanza kwa watu wawili kubishania kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekikagua.

Laser ilichorwa na Bruce Kirby wa Canada, ikaanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Imekuwa boti ya Olimpiki tangu michezo ya Atlanta ya 1996, na siku hizi mashindanoni huitwa ILCA. Urefu wake ni kama mita 4.2, na bodi tupu ina uzito wa kilo 59 hivi, yaani pungufu ya magunia mawili ya saruji. Ina mlingoti mmoja, tanga moja, na huendeshwa na mtu mmoja.

Hapo ndipo hesabu ya Bongoyo inapokatika. Boti hii haina benchi wala kivuli. Mwendeshaji hukaa ukingoni, anabana miguu kwenye mkanda na kuuning'iniza mwili nje ili upepo usimpindue. Kupinduka kwenyewe ni jambo la kawaida. Ukipinduka unakanyaga ule ubao wa katikati unaoshuka majini, boti inainuka, unapanda na safari inaendelea. Kwa mchezaji hiyo ni raha. Kwa mtalii mwenye kamera na mtoto mapajani ni balaa. Tena chombo cha kubeba abiria kwa malipo kinapaswa kukaguliwa na kupewa leseni na TASAC, na hiki hakikuundwa kubeba abiria.

Kwa hiyo dada, mwambie shemeji yangu kwa upole: hii boti ni mchezo, siyo mradi.

Mchezo si dhambi. Mtu aliyekulia pwani akiona tanga moyo unamwenda, na wapo wanaomaliza pesa zaidi ya hiyo kwenye mambo yasiyo na faida kwa mtoto. Lakini mradi na mchezo havitoki kwenye kibubu kimoja. Hata ngalawa zetu zinazoshindanishwa siku ya sherehe, kesho yake alfajiri zinarudi kuvua. Laser haina kesho yake ya kuvua. Ikishaingia nyumbani inakula tu, na ikiwa imeingia kwa jina la mradi, kila mwezi usioleta faida utazaa maneno kati yenu.

Sasa tuje kwa kijana, maana hoja ya baba yake hapo ina uzito. Mchezo huu unamfundisha mtoto kusoma upepo, kuamua peke yake na kutunza chombo. Wala siyo wa Wazungu peke yao. Deizy Nhaquile wa Msumbiji, jirani zetu hapa, alishindana kwa Laser Radial kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021.

Ila kuna jambo ambalo muuzaji huenda hajalisema. Bodi ya Laser ni moja lakini matanga ni ya aina tatu: la mita za mraba 4.7, la 5.76 na la 7.06. Hilo kubwa ni la mtu mzima wa kilo 75 au 80. Mtoto wa kilo 40 hivi akipewa tanga hilo, upepo wa kusi ukikaza wa kulizuia hayupo. Yeye anahitaji lile la 4.7 pamoja na kipande kifupi zaidi cha chini cha mlingoti. Muulizeni muuzaji: tanga lililopo ni lipi? Kama ni kubwa tu, basi mnanunua boti ya baba, na jina la mtoto limetumika kupunguza makali.

Isitoshe, watoto wengi duniani hawaanzi na Laser. Huanza na Optimist, kijiboti cha mita 2.3 na kilo 35, kilichochorwa na Clark Mills wa Florida mwaka 1947 na kinachoshindaniwa na watoto wasiozidi miaka 15. Kijana wenu bado ana muda wa kukijaribu kabla hamjanunua chochote. Nendeni Msasani, ilipo klabu ya yoti ya jiji hili, mwulize kama kuna mafunzo ya watoto na masharti yake. Mtoto aliyepinduka mara tatu na bado anataka kurudi majini amewajibu. Aliyepinduka mara moja akasema basi, naye amewajibu, na amewaokolea Sh4 milioni.

Kama baada ya hayo yote bado mnaitaka, msinunue kwa picha za WhatsApp. Kariakoo mnajua kugeuza shati la mtumba mkaangalia kwapa na kola. Boti nayo ina kwapa zake.

Inyanyueni. Watu wazima wawili wanapaswa kuibeba bila kuhema sana. Ikiwa nzito isivyo kawaida, maji yameshaingia ndani. Fungueni kizibo cha nyuma, mwiinamishe, muone kama yanachuruzika.

Bonyezeni sehemu ya juu kwa kidole gumba, hasa pale mwendeshaji anapokalia. Ikibonyea kama mkate, imeoza ndani.

Mimineni maji kwenye tundu la kusimikia mlingoti, msubiri dakika kadhaa. Yakipungua, tundu limepasuka, na hapo ndipo nguvu zote za upepo zinapoegemea. Siku mlingoti ukiling'oa, mtoto wenu atakuwa katikati ya maji.

Viringisheni mlingoti chini sakafuni. Ukidunda, umepinda. Angalieni ribiti zake, chumvi huzila taratibu.

Tanga lishikeni mkalitikise. Kitambaa kizima hukakamaa na kulia kama karatasi, kilicholegea kama shuka la zamani kimekwisha kwa jua. Boti yenye tanga bovu ni kama baiskeli isiyo na cheni, na tanga jipya huagizwa nje, likaja na gharama za usafirishaji na ushuru.

Kamba msiziogope. Kama kamba na makapi ndiyo tatizo pekee, hilo linatibika, ila muulize bei dukani kabla ya kukubaliana na muuzaji.

Mwisho, linganisheni namba ya bodi na namba ya tanga, mwombe risiti au karatasi ya umiliki. Mauziano yaandikwe, yawe na mashahidi, na nakala abaki nayo kila mmoja. Mgeni akishapanda ndege hutampata wa kumuuliza.

Halafu kuna swali la ukubwa wa nyumba. Kama mnaishi kwenye vyumba vya mjini kama wengi wetu, chombo cha mita 4 kitalala wapi? Juani kitapasuka, kwa hiyo kinataka turubai na mahali penye ulinzi, na mahali hapo panalipiwa kila mwezi. Ongezeni nauli ya kufika huko na kiokozi, ile jaketi ya kuelea inayomkaa mtoto sawasawa, siyo ya kukopeshana na baba. Mtoto awe anajua kuogelea kabla, siyo baada. Na kabla ya kutoka sikilizeni taarifa ya TMA. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, boti inabaki nchi kavu, hata kama mliisubiri wiki nzima.

Jumlisheni hayo yote kwa mwaka mmoja, mkae nayo mezani. Ile Sh4 milioni ni kiingilio tu.

Sasa jibu langu, dada. Ada ya Januari haiguswi. Siyo kwa boti, siyo kwa gari, siyo kwa kiwanja. Pesa iliyokwisha kupewa jina la mtoto siyo akiba tena, ni deni lenu kwake. Lakini usiliseme hilo kama hukumu. Shemeji huenda hana haja na watalii kabisa. Huenda amechoka na duka, foleni na kelele, akaona tanga jeupe, akahitaji sababu ya kulitaka. Mwanaume akihofia kuchekwa kwa kutaka kitu cha kufurahia, hukipa jina la biashara. Mwondolee hofu hiyo kwanza. Mwambie, "Mume wangu, najua unaitaka bahari. Tuitafutie pesa yake."

Kisha fungueni kibubu cha pili, hata kiwe kidogo. Tafuteni familia nyingine mbili zenye hamu hiyo hiyo, mnunue kwa pamoja mbele ya safari, maana boti ya mtu mmoja hukaa bila kazi siku nyingi za wiki. Na huyu mgeni wa leo asiwakimbize. Mfanyabiashara wa Kariakoo anajua kuliko wote kwamba "bei ya kutupa, mwisho leo" ni wimbo wa muuzaji. Wageni wengine watarudi kwao, na boti nyingine zitauzwa.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Yule mgeni alinunua boti kwa mshahara wake na nafasi yake. Ninyi mna nyota yenu, nayo mwakani inavaa sare mpya ya shule. Ipelekeni shule kwanza. Bahari ya Msasani haihami.

Tukutane wiki ijayo.